Kwani Lazima Roboti Yangu Iokoe Watu?

Wasee, wacha nianze na uongo niliousema mbele ya watu wazima watatu waliovaa beji.

Mwaka jana nilibeba roboti yangu hadi kwenye mashindano fulani ya vijana wabunifu. Kusema ukweli ilikuwa nusu roboti: miguu miwili ya plywood, magurudumu, betri mbili za nduthi na mwili usiopakwa rangi. Kichwa hakikuwepo. Lakini ilikuwa inatembea. Niliiendesha na padi ya PlayStation ya mtumba, na watoto wa shule walikuwa wameizunguka wakipiga nduru kila ikigeuka. Jaji mmoja akainama, akaigonga kifuani na kalamu, akaniuliza, "Na hii inatatua shida gani kwa jamii?"

Jibu la ukweli lilikuwa fupi. Haitatui. Ni nakala ya R2-D2, kale karoboti kafupi keupe na bluu ka sinema za Star Wars, na ninakatengeneza kwa kimo chake halisi, karibu sentimita 109, kwa sababu nimekapenda tangu darasa la nne na nataka kukaona kakitembea sebuleni kwetu. Basi. Hakuna lingine.

Nikameza mate, nikasema inabeba dawa kutoka famasi ya hospitali hadi wodini.

Jaji akatabasamu, akaandika. Nikapata nambari mbili, cheti na elfu kumi. Cheti mimi sikukitundika. Ni mathe alikitundika, hapo juu ya televisheni, kando ya picha ya harusi yao.

Miezi miwili baadaye, jirani yetu ambaye ni nesi akabisha mlango jioni akiwa bado na yunifomu. Alikuwa amesikia kwa mathe kule chamani. Akaketi, akakunywa chai, akaniuliza kwa upole kabisa kama roboti yangu inaweza kupanda ngazi, maana kwao lifti imekufa kitambo na usiku wanabaki wawili tu kwa wodi nzima. Huyo mama alikuwa amechoka. Na hakuwa anatania, alikuwa anauliza kwa kumaanisha. Nilitamani nizame chini ya kiti.

Alipotoka nikamwambia mathe ukweli. Akazima gesi kwanza.

"Kwa hivyo hiyo kitu ni ya kuchezea tu?"

"Ndiyo, mum."

"Na uliwadanganya hao watu."

Nikanyamaza.

"Si heri ungesema tu ni ya kuchezea."

Nimekaa na hayo maneno miezi mingi, ndiyo maana naandika hii. Kwa maoni yangu, kijana wa Kenya akishika waya na solda tu, tayari ameshapewa kazi ya kuokoa taifa. Lazima mashine yake ipambane na malaria, au imwagilie mahindi, au igundue mafuriko. Kijana wa kwingine akijenga roboti ya sinema kwenye gereji ya babake, watu wanasema ana kipaji, wanapiga picha, maisha yanaendelea. Wetu akifanya hivyo anaulizwa kama hana kazi ya kufanya. Sasa tumejifunza nini? Tumejifunza kutunga shida. Kwenye yale mashindano meza ya kushoto kwangu kulikuwa na mashine ya kupima udongo ambayo mwenyewe aliniambia wakati wa lunch kwamba ilianza kama gari ya kukimbiza paka. Tulicheka sana. Halafu tukarudi kwa meza zetu kuendelea kudanganya.

Na si ati kucheza ni kitu kigeni kwetu. Kama ulikulia ocha, au hata hapa mtaani, unajua gari ya waya. Ile ya vifuniko vya soda kwa magurudumu, na usukani mrefu unaufika kifuani ili uendeshe ukiwa umesimama. Hiyo ilikuwa nakala ya matatu, na hiyo fimbo ndiyo ilikuwa rimoti yetu. Tulibishana kama bampa imekaa kama ya ile matatu yenyewe. Hakuna mzazi aliyeuliza inasaidia jamii vipi.

Mtu aliyenirudisha kwa hiyo akili ni fundi mmoja wa Kamukunji, mzee anayetengeneza masufuria na masanduku ya bati ya watoto wa bodingi. Kichwa cha R2-D2 ni kuba ya aluminiamu, kipenyo kama sentimita 46. Wenye printa za 3D wanaiprinti vipande vipande. Mimi sina printa, lakini nina Kamukunji. Nikampelekea mzee mchoro. Akaugeuza juu chini.

"Msichana wangu, hii ni sufuria imepinduliwa."

"Ni kama hivyo, mzee."

"Mdomo?"

"Arobaini na sita."

"Inakaa tu ama inafanya kazi?"

"Itakuwa inazunguka."

"Aah." Akaweka chini nyundo. "Basi mdomo ukipinda kidogo itakuwa inagonga."

Yaani ndani ya dakika mbili alikuwa ameona shida ambayo mimi niliigundua baada ya wiki mbili za kuchora. Hakuuliza R2-D2 ni nani. Alitaka vipimo. Niliporudi Jumanne kuba ilikuwa tayari, inang'aa, mimi tayari nimetoa simu nipige picha. Yeye akachukua kamba, akapima mdomo upande huu, akapima upande ule, akakuta tofauti kama ya upana wa kidole. Akaitupa kwa lundo. "Hiyo nitauzia mtu wa mandazi. Rudi Ijumaa."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini napenda nakala kuliko "ubunifu". Ukibuni kitu kipya na kikatoka kombo, unaweza kusema ndivyo ulivyotaka. Nani atakubishia? Lakini R2-D2 kanajulikana. Mtu yeyote aliyeona ile sinema ya 1977 anajua kichwa kimekaa wapi na miguu imeinama vipi. Ukikosea anaona, hata kama hawezi kusema ni nini hakiko sawa. Nakala haikupi pa kujificha, na kwa mtu ambaye alishajificha nyuma ya wodi ya hospitali, hiyo ni dawa chungu kidogo.

Kwa wale mnaopenda mambo ya ndani, wacha niwaonyeshe nilipoungulia. Mota zangu ni za wiper za gari, nilizipata Grogan. Ni nzuri kwa sababu zina gia ndani: mwendo wa pole, nguvu nyingi, na zinatumia volti 12. Nikaziunganisha kwa ile moduli nyekundu ya bei rahisi inaitwa L298N, ambayo kila mtu anayeanza na Arduino anauziwa. Hiyo moduli inabeba kama ampea 2 kila upande. Mota ya wiper ikikwama inavuta nyingi zaidi ya hizo, na yangu ilikwama kwa kapeti ya mathe. Moshi ulitoka, bana. Harufu ilikaa siku tatu. Sasa natumia moduli mbili za BTS7960, moja kwa kila mota, na fyuzi karibu na betri, kitu ambacho ningeweka siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

Usukani hakuna. Ukitaka igeuke kulia, unaendesha mota ya kushoto haraka kuliko ya kulia. Rahisi kusema. Mota mbili kutoka magari mawili tofauti hazilingani, kwa hivyo roboti ilikuwa inaenda kombo kama mlevi anayetafuta geti. Ilibidi nipunguze ile yenye nguvu ndani ya kodi, kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, huku mdogo wangu akiwa amelala na mto kichwani.

Halafu kuna ile ya padi kuzima. Hii nawaambia kwa uzito, msicheke. Sikuwa nimeandika kwenye kodi kwamba mawasiliano yakikatika mota zisimame. Betri ya padi ikaisha tukiwa koridoni, na kilo kama thelathini za mbao na betri zikaendelea kwenda zenyewe, zikapitia beseni ya nguo ya jirani, zikasimama kwa mlango wa mwenye ploti. Ingekuwa mtoto hapo? Sasa nusu sekunde bila neno kutoka kwa padi, kila kitu kinazima. Na kuna swichi kubwa nyekundu mgongoni. R2-D2 halisi hakana hiyo swichi. Hapo peke yake nimekubali nakala yangu iwe na kosa.

Nilipokuwa nimekata tamaa na hizo mota nikasoma jinsi wenyewe walivyohangaika, nikapoa roho. Walipoanza kupiga ile sinema ya kwanza jangwani Tunisia, Machi 1976, zile roboti za rimoti ziliwasumbua vibaya. Kwa scene nyingi aliyekuwa ndani ya lile debe ni binadamu, mwigizaji wa Uingereza anaitwa Kenny Baker, mwenye kimo cha kama sentimita 112, akitikisa mwili kutoka ndani. Yaani watu wa sinema, na pesa zao, walishindwa na kitu ninachojaribu kukifanya karibu na kabati ya vyombo.

Na kuna hii. Mwaka 2013, kule Essen, Ujerumani, kulikuwa na kongamano la mashabiki wa Star Wars, na Waingereza wawili, Lee Towersey na Oliver Steeples, walikuwa wamepeleka R2-D2 zao. Walikuwa wamezijenga kwa mapenzi tu, kama kina sisi. Kathleen Kennedy, aliyekuwa mkubwa wa kampuni ya Lucasfilm wakati huo, akaziona. Baadaye hao wawili wakaajiriwa kutengeneza roboti za The Force Awakens, ile iliyotoka 2015. Najua mnachotaka nifanye na hii stori: niseme "mnaona, kucheza kunalipa". Sitasema. Nikisema hivyo nimerudi kwa yule jaji, nimebadilisha tu hospitali ikawa ajira. Kuna watu wengi sana wamejenga R2-D2 na hawakuitwa na mtu yeyote, na wako sawa tu. Nimeitaja kwa sababu ni tamu.

Sasa, kuna wenye watasema nina roho ngumu. Nchi iko hivi, vijana hawana kazi, na wewe unanunua mota za wiper. Hilo sina jibu lake safi. Pesa ni yangu, naedit video za ruracio na za mabathidei, na sijawahi gusa ya rent. Lakini nikimkumbuka yule nesi, hata hiyo "pesa ni yangu" inakuwa nyepesi mdomoni. Shida yake ni ya kweli. Kinachonichoma ni kwamba sikumsaidia kwa kudanganya kwamba namsaidia. Kama kuna mtu anataka kujenga roboti ya kupanda ngazi za hospitali, aanzie kwa kukaa na huyo mama usiku mmoja aone anatembea mara ngapi. Mimi sikuwahi kufanya hivyo. Nilimtumia kama jibu la mtihani kabla hata sijamjua.

Jumapili moja nilienda kwake nikamwambia. Hakukasirika. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu kazini," akaendelea kukunja nguo.

Kwa sasa kaanza kufanana. Kuba imekaa vizuri juu ya bearing, haigongi popote, mzee aliipima kweli. Tatizo ni waya: kichwa kikizunguka mara mbili zinajisokota, kwa hivyo natafuta kile kifaa cha kupitisha umeme kwa kitu kinachozunguka, Luthuli nimeonyeshwa kimoja ila bei si ya rafiki. Sauti nazo nimeanza. Ben Burtt, aliyetengeneza sauti za R2-D2, alichanganya mdomo wake mwenyewe na sinthesaiza. Mimi nina mdogo wangu akipiga mluzi na honi ya matatu ya stage yetu, na mtashangaa vile zinaelewana.

Lakini hicho kifaa cha Luthuli kitangoja. Cheti bado kiko juu ya televisheni. Nilimwomba mathe akitoe, akakataa. Alisema nitakitoa mwenyewe, siku nitakayokirudisha kwa wenyewe pamoja na ile elfu kumi. Na elfu kumi yote iliishia Kamukunji na Grogan. Nimefikisha elfu sita na mia tatu. Wikendi hii nina ruracio mbili za kuedit.