Msimamizi wa Mradi na Habari Asiyoitaka

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa usimamizi wa ugawaji wa kingatiba ya matende na mabusha katika baadhi ya vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa Nachingwea na Ruangwa. Mimi ni tabibu bingwa. Sikuwa nimesomea usimamizi hata siku moja, nami nilidhani kwamba anayeweza kuongoza wodi anaweza pia kuongoza mradi.

Taarifa ya kijiji kimoja ilinifurahisha kupita zote: rejesta ilionesha kwamba watu wote wa kijiji, bila kukosa hata mmoja, wamemeza dawa. Nikaisoma kwa sauti kikaoni. Baada ya kikao muuguzi wa zahanati ya pale, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinifuata nje.

“Shikamoo, Daktari,” alisema, ingawa huenda tulilingana umri. “Samahani, naomba kuuliza. Kwani mwaka huu kijijini kwetu hakuna mjamzito hata mmoja?”

Nilielewa palepale, nami niliona aibu. Dawa ile hapewi mjamzito, hapewi mgonjwa aliyezidiwa, wala mtoto ambaye kimo chake hakijafika sentimita 90 kwenye fimbo ya kupimia. Kijiji kisicho na mjamzito wala mtoto mdogo hakipo. Kwa hiyo asilimia mia ya wakazi wote si ushindi. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na tabibu aliyeisoma bila kuuliza chanzo chake alikuwa mimi.

Chanzo hakikuwa mbali. Kwenye semina elekezi nilikuwa nimetamka, kwa ukali ambao wakati ule niliuita uthabiti, kwamba kijiji kitakachobaki nyuma kitatoa maelezo. Isitoshe, tarehe ya ugawaji ilikuwa imepangwa kwa kalenda ya fedha za mradi, ikaangukia msimu wa mvua, wakati ambapo familia nyingi za bondeni huhamia mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Mgawa dawa, kijana mwenye posho ndogo iliyochelewa, alikuta milango imefungwa. Alikuwa na njia mbili: kutoa maelezo kwangu, au kujaza rejesta. Akajaza.

Msomaji anaweza kusema ni kosa dogo la karatasi. Sivyo. Dawa hii huua vijidudu vichanga vilivyomo katika damu, lakini minyoo iliyokomaa huweza kuishi mwilini miaka mingi na kuendelea kuzaa. Ndiyo maana hugawiwa mara moja kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, na kila mara angalau asilimia 65 ya wakazi wote inatakiwa kuimeza. Namba ya uongo inaweza kufanya ugawaji usitishwe mahali ambapo mbu bado wanaendelea kuusambaza ugonjwa. Atakayelipa ni mtu ambaye miaka kumi baadaye atavaa kanzu pana ili kuficha busha, huku kumbukumbu zetu zikionesha kwamba kijiji chake kilikingwa kikamilifu.

Nachingwea inalijua jambo hili kuliko wilaya nyingi. Hapa ni moja ya sehemu tatu za Tanganyika, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizobeba Mradi wa Karanga wa serikali ya Uingereza. Mpango uliobuniwa mwaka 1946 ulitaka ekari 3,210,000 zilimwe kwa miaka sita, kwa gharama ya takribani pauni milioni 25. Mwaka wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000. Hadi mwisho wa 1947 zilikuwa zimefyekwa kama 7,500 tu, huko Kongwa, ambako udongo ulipokauka uligeuka mgumu na kula vyuma vya majembe, na mvua haikutii mpango. Huku kusini ilibidi ijengwe bandari Mtwara na reli ya kufika Nachingwea kwa ajili ya shehena ambayo haikuja. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuuacha mradi, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang’olewa.

Huelezwa mara nyingi kwamba mradi ule uliuawa na udongo na ukame. Mimi naona udongo ulisema mapema sana, tangu jembe la kwanza. Lakini lengo lilikuwa limekwisha kutangazwa mbele ya Bunge la Uingereza, na kila ngazi ya uongozi ikawa na sababu ya kutolipeleka juu neno la jembe.

Katika miaka hiyohiyo, wilayani humuhumu, Dk. Leader Stirling alianza kazi Mnero mwaka 1949, akakaa takribani miaka kumi na mitano akipasua, akijenga na kufundisha wauguzi. Baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Sitaki kumfanya mtakatifu. Nasema tu kwamba alilala palepale kazi yake ilipo, na daktari anayelala hospitalini habari mbaya humgongea mlango usiku uleule. Hospitali ya Mnero ipo hadi leo.

Vitabu vya usimamizi vina orodha ndefu za sifa: maono, mawasiliano, ushawishi. Sizipingi. Lakini kwa mradi wa afya vijijini ningeanza na swali moja: je, mtu wa ngazi ya chini kabisa anaweza kumwambia msimamizi “haijafanyika” na bado akalipwa posho yake? Kama hawezi, mengine yote ni mapambo. Pili, msimamizi ahesabu vidonge vilivyobaki stoo kwa mkono wake kabla ya kufungua rejesta, kwa kuwa vidonge havimwogopi mtu. Tatu, awe tayari kupunguza lengo hadharani na kumweleza mfadhili sababu. Hili ndilo gumu kuliko yote, na nakiri bado hunitetemesha.

Nanyi wananchi, kama dawa haikufika kwenu, au mliikosa, au mliiogopa, semeni hivyo. Mna haki ya kuandikwa kwamba hamkumeza. Atakayewakaripia kwa jibu hilo hajui kazi yake.

Mwaka uliofuata tulisubiri mavuno ya chakula yaingie ghalani, kabla korosho hazijaanza kuokotwa, wakati watu wamerudi vijijini. Posho zililipwa kabla ya kazi kuanza. Idadi ya kijiji kile ilishuka, na ofisi moja ya juu ikaniandikia barua ya kutaka maelezo. Nilimwomba yule muuguzi tuyaandike pamoja. Alileta rejesta. Pembeni mwa majina, kwa kalamu nyekundu, walikuwa wameandikwa waliokosa: wajawazito, watoto wasiofikia alama ya fimbo, wazee wawili waliokataa, na mmoja aliyesafiri kwenda Liwale. Wale wazee wawili tulikwenda kuwaona jioni ileile.