Mficha Maradhi

Msomaji kijana, wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huandikwa mara nyingi katika insha za shule, lakini hufuatwa kwa nadra katika ofisi za vyuo. Yakupasa kuishika kabla hujaingia chuoni, kwa maana siku haziko mbali ambapo utalala bweni moja na watu usiowajua, utakula nao chakula cha jiko moja, na utakunywa nao maji ya tangi moja.

Tazama kaunti mbili za kando ya Ziwa Viktoria, Migori na Homa Bay. Huko kuna Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na kuna vyuo vya ualimu vya Migori na Asumbi. Huko pia kipindupindu si mgeni. Mwaka 2015 kiliingia katika kaunti zote mbili kikaua watu. Mwaka 2025 kilibisha hodi tena Migori. Elimu na ugonjwa ni majirani wa mtaa mmoja, na ujirani huo hautaki uzembe.

Kipindupindu huletwa na kijidudu kiingiacho kinywani kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha aliyeambukizwa. Dalili huweza kutokea baada ya saa chache, au zikachelewa hadi siku 5. Tena wapo waambukizwao wasiougua hata kidogo, walakini kinyesi chao hutoa kijidudu kwa siku kadhaa. Yakumbuke mambo hayo mawili, kwa kuwa ndiyo mizani ya hoja yangu.

Ugonjwa unapozuka mahali pa bweni, aghalabu hufuatwa desturi mbili mbaya. Ya kwanza ni kunyamaza ili jina la chuo lisichafuke. Ya pili, kimya kinaposhindwa, ni kufunga lango na kuwarudisha wanafunzi makwao upesi. Desturi hii ya pili huitwa hadhari. Mimi nasema si hadhari. Ni kuutoa moto katika jiko moja na kuupeleka katika mapaa mia. Yule aliyeonekana mzima asubuhi hupanda matatu, hufika Mbita, Kuria au Kisii, na usiku huugua katika nyumba iliyo mbali na zahanati. Chuo hubaki kitupu, lakini ugonjwa haubaki humo.

Husemwa kwamba habari zikitangazwa wazazi watawaondoa watoto wao. Je, hawatawaondoa wakiletewa maiti? Husemwa kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, basi na ajitunze. Naam, ni mtu mzima. Lakini mtu mzima hawezi kunawa kwa bomba kavu, wala hana ufunguo wa tangi. Husemwa kwamba fedha ni haba. Klorini ya kusafisha maji ni rahisi kuliko jeneza.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow hakuwa na dawa ya kuwapa. Alichukua orodha ya vifo iliyowekwa na serikali, akaulizia nyumba kwa nyumba, akagundua kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya bomba moja. Kishikio cha bomba lile kikaondolewa. Lau vifo vile vingefichwa, asingejua bomba ni lipi.

Kwa hiyo, ugonjwa ukizuka, idara ya afya ya kaunti na iarifiwe siku ile ile. Wagonjwa watibiwe, maji na jiko vichunguzwe, na wazima wakae chini ya uangalizi mpaka wauguzi waseme vingine. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili maji. Atibiwaye mapema hupona karibu kila mara. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi huweza kumshikilia mgonjwa anapopelekwa hospitali.

Nawe unayo sehemu yako. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Mwenzako akiharisha usiku, usimsitiri kwa blanketi. Mwite mlinzi wa bweni. Siku ya kwanza chuoni, uliza maji yatoka wapi na nani huyatibu. Swali hilo si utovu wa adabu.

Mimi ni mwalimu, na najua kwamba chuo cha ualimu hufundisha zaidi ya yaliyomo katika vitabu. Mwanachuo wa leo atakabidhiwa darasa la watoto wadogo kesho. Akizoezwa kuficha akiwa chuoni, ataficha na huko. Na watoto wale hawataweza kumuuliza.