Makala ya Mpemba Isomwe Yenyewe

Wanafunzi wenye bidii huwauliza walimu wao wasome nini baada ya kukimaliza kitabu cha darasani. Aghalabu hutajiwa vitabu vinene vya kigeni, visivyopatikana. Ilhali ipo makala ya kurasa chache tu, iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, ambayo Mtanzania ni mmoja wa waandishi wake wawili. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: Cool?

Kisa chenyewe kinajulikana kwa kusimuliwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huko Magamba, alikuwa akitengeneza askirimu. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika friza, aliyatia maziwa yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka, mgeni akaahidi kulijaribu.

Masimulizi hayo yanalitosha gazeti, lakini hayalitoshi darasa. Katika makala yenyewe Mpemba anaeleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiingereza chepesi, jinsi alivyorudia jaribio kwa maji. Kisha Osborne anaeleza vipimo vyake. Humo pia yumo fundi wa maabara aliyeleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Fundi huyo anastahili kipindi kizima cha mjadala.

Wapo wanaosita kuitumia makala hiyo kwa sababu jambo lenyewe bado linabishaniwa. Sababu hiyo ni dhaifu. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha katika jarida la Scientific Reports uchunguzi uliokana kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha kuwa tofauti ya sentimita moja tu katika kina cha kipimajoto yaweza kumpotosha mchunguzi. Hoja hiyo ni nzito, na yafaa isomwe sambamba na ile ya 1969. Lakini mwanafunzi makini atatambua kwamba Osborne alipima muda hadi maji yaanze kuganda, na hawa wawili walipima muda hadi yafikie nyuzi 0. Mambo hayo mawili si mamoja, kwani maji yaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda.

Shule iliyo karibu na friza yoyote, hata ya muuza soda, yaweza kuendelea kutoka hapo: vyombo viwili vinavyolingana, maji ya kipimo kimoja, vipimajoto katika kina kimoja, na daftari la kuandikia matokeo yote, yakiwemo yale yasiyompendeza mwalimu.