Wimbo Usio na Mtunzi



Juma hili nataka tuzungumze habari ya wimbo mmoja uliotutia mashaka hapa Maisaka. Haukuwa wimbo mbaya. Ulikuwa mzuri, na hapo ndipo mashaka yalipoanza.

Jumamosi moja jioni kwaya yetu ilikuwa katika mazoezi, ikijiandaa kwa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kijana mmoja wa besi akaweka simu yake juu ya benchi, akasema, "Mwalimu, hebu sikilizeni huu." Wimbo ukatoka kwa Kiswahili safi, sauti nne, kinanda na ngoma, na mama mmoja akiongoza kwa sauti tamu. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakauliza, "Hiyo ni kwaya ya wapi? Arusha au Dar es Salaam?" Kijana akacheka, akajibu, "Si kwaya ya popote. Hakuna mtu aliyeimba. Nimeiandikia simu maneno machache tu, nayo imetunga na kuimba kabla maji ya chai hayajachemka."

Kazi hiyo, ndugu zangu, hufanywa na mashine ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake redioni.

Mwekahazina wa kwaya, mtu mwenye hesabu kali, akasema mara moja, "Basi mwaka huu tumepata! Ile fedha ya kumshukuru mwalimu kwa utunzi itanunua vitambaa vya sare." Watu wakacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Alilifunga daftari lake la nota, akalitia kwapani. Nilipofika nyumbani sikuweza kulisahau daftari lile.

Yatupasa kwanza kumwelewa mwekahazina, maana umaskini wa kwaya si wa kubuni. Wazee wanazikumbuka siku za kaseti. Kwaya iliyorekodi kaseti iliziuza nje ya kanisa baada ya Misa, na sokoni, na stendi, na fedha hiyo ikanunua kinanda au ikalipa nauli ya safari. Baadaye zikaja sidii, na baada ya sidii ikaja simu. Leo kijana huingia dukani mjini, akarushiwa nyimbo tele kwa fedha kidogo, na mtunzi hapati hata senti. Waigizaji wa filamu yamewapata hayo hayo. Zamani za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, filamu za Bongo ziliuzwa katika dividii hata vijijini. Leo dividii hizo ni za kutafuta. Basi mti ulikuwa umekwisha kunyauka, ndipo mashine hii ikafika.

Je, mashine imejifunza wapi kuimba? Imelishwa nyimbo nyingi mno zilizotungwa na watu, ikatazama sauti gani hufuata sauti gani, na neno gani hufuata neno gani. Ukiiomba wimbo, hupanga upya kwa kufuata mazoea yale. Ni kama mtu anayepita katika mashamba ya watu mia, akavunja hindi moja hapa na jingine kule, kisha akafika sokoni na gunia zima akisema, "Hili ni langu." Mwezi wa Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki huko Marekani yaliyashtaki makampuni mawili yenye mashine za namna hiyo, Suno na Udio, yakidai kwamba nyimbo zao zimetumiwa kuzifundishia bila ruhusa. Mwaka 2025 baadhi yao wakapatana. Wenye mawakili hupatana. Mtunzi wa kwaya wa huku kwetu, kama nyimbo zake nazo zimo humo, atapatana na nani?

Mnaujua wimbo wa "Malaika", ulioimbwa na Miriam Makeba ukaenea dunia nzima. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na Adam Salim wa Tanzania akadai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Ubishi huo umedumu miaka mingi. Lakini wabishi wote walikubali jambo moja: kwamba wimbo una mtu wake, na mtu huyo astahili haki yake. Nchi yetu nayo imekubali hivyo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Siku ya pili nilimwita yule kijana ofisini, nikamwuliza moyo wake. Akanijibu kwa adabu, "Karani, viko vigango visivyo na mwalimu hata mmoja, wala fedha ya kumlipa mtunzi. Mashine imewafikia watu ambao hakuna aliyewafikia. Je, hiyo ni dhambi?"

Nilinyamaza kidogo, maana neno lake lilikuwa na uzito. Hata mimi barua za parokia naziandika kwa kompyuta, wala sioni haya. Mashine ikimsaidia mtu kunakili nota zake au kusahihisha tahajia yake, ni chombo kama jembe. Lakini nilimkumbusha kijana jambo analolijua kuliko mimi: watunzi wetu wengi Wakatoliki wameziweka nota zao katika tovuti iitwayo Swahili Music Notes, maelfu ya nyimbo, kila mmoja na jina la mtunzi wake. Kigango maskini chaweza kuchukua humo na kuimba kwa heshima. Umaskini wetu, basi, hautulazimishi kuimba wimbo usio na mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tukausikiliza wimbo ule tena, polepole. Mama mmoja mzee, aliyefundisha katekisimu miaka mingi, akainua mkono. "Rudisheni pale. Wimbo unasema tunamwabudu Maria?" Tukarudisha. Ndivyo ulivyosema. Na sisi tulikuwa tumeupigia vigelegele! Twajua sote tangu Komunyo ya kwanza kwamba twamwabudu Mungu peke yake, na Mama Maria twamheshimu na kumwomba atuombee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya 4 Desemba 1963, ulitaka maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kanisa. Mtunzi akikosea twaweza kumwita na kumsahihisha, naye ataona haya na kujifunza. Kwa wimbo ule tungemwita nani? Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo, na kwa kila mtoto ninayemwandika yuko msimamizi aliyesimama mbele ya watu kujibu kwa ajili yake. Wimbo ule haukuwa na wa kuujibia.

Ndipo mwalimu wa kwaya, aliyekuwa kimya siku zote hizo, akasema, "Wimbo wangu wa kwanza mliucheka. Na wa pili mliucheka. Wa tatu mliuimba kwa kunihurumia. Wa nne ndio ule mlioimba siku ya Kipaimara, mkatoa machozi. Mashine ingalikuwapo siku zile, nisingalifika wa nne."

Wasomaji wapenzi, neno hilo ndilo ninalotaka mlichukue nyumbani. Hasara si fedha ya mwalimu mmoja tu, ingawa hiyo nayo ni haki yake. Tukizoea kuchukua kilicho tayari, vijana wetu hawatapata nafasi ya kutunga vibaya, na asiyetunga vibaya kwanza hatatunga vizuri kamwe. Baada ya miaka ishirini tutamtafuta mtunzi Maisaka nzima tusimpate.

Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa, yaani 10 Mei 2025, aliwaeleza makardinali sababu ya kuchagua jina hilo. Alimkumbuka Papa Leo XIII, aliyeandika barua ya Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi zama za viwanda, akasema kwamba leo akili mnemba inaleta mageuzi mengine yanayogusa utu wa mtu, haki na kazi. Kanisa halikuikataza mashine. Linatuuliza, je, mtu amewekwa wapi?

Kwaya yetu ilikata shauri hivi, na Baba Paroko akakubali. Wimbo wa simu hautaimbwa katika Misa. Mwalimu atatunga mpya, na vitambaa vya sare vitangoja. Kila mwanakwaya mwenye uwezo atampelekea mwalimu sado la mbaazi wakati wa mavuno. Na yule kijana, ambaye hakufanya jambo kwa nia mbaya, atakaa na mwalimu kila Jumatano ajifunze nota, naye atamsaidia mwalimu kuzipiga chapa kwa kompyuta.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaletea shairi au wimbo uliotoka katika simu, msimpige wala msimsifu upesi. Mwulizeni: Kazi hii ni ya nani? Je, umesema kweli juu yake? Ni nani aliyekosa riziki kwa ajili yake? Kisha mwambieni atunge wake, hata kama ni mistari minne.

Jumatano iliyopita kijana wetu alileta wimbo wake wa kwanza. Besi ilipanda mahali isipopaswa, na sauti ya pili ikapotea njiani kabisa. Tulicheka sana, na yeye akacheka. Mwalimu alilichukua daftari lake, akapiga mstari chini ya mahali pawili, akamrudishia, akasema, "Vema. Bado mitatu."

Wasalaam,
Karani wa Parokia, Maisaka.