Tusilinde Milango Yetu kwa Kuvunja Stara ya Jirani

Kila mtu ana haki ya kujua ni nani anayebisha hodi mlangoni kwake. Hilo halina ubishi, na makala haya hayamlaumu mtu yeyote anayewahofia wezi. Ninachokipinga ni chombo kinachouzwa kwa jina la haki hiyo huku kikivuka mipaka yake, nacho ni kengele ya mlangoni yenye kamera iliyounganishwa na intaneti. Mgeni akikaribia, hata kabla hajagusa kitufe, kihisi cha mwendo huiamsha kamera. Picha na sauti yake hupita kwenye waifai ya nyumba hadi kwenye kompyuta za kampuni, ndipo zirudi kwenye simu ya mwenye nyumba, awe sebuleni au ng'ambo. Pande zinazohusika hapo ni nne: mwenye nyumba, kampuni, mgeni na mpita njia. Waliokubaliana ni wawili wa kwanza tu. Hoja yangu basi ni hii: mtu hana mamlaka ya kutoa kisicho chake. Sura ya jirani, maneno ya wapita njia, saa ambayo mtoto wa nyumba ya pili hutoka kwenda shule, vyote hivyo si mali ya aliyenunua kengele, na hivyo hana idhini ya kuvikabidhi kwa mtu wa tatu.

Wapo watakaosema kwamba kampuni kubwa hutunza amana. Ushahidi unasema vingine. Ring ya Marekani, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2018, ndilo jina mashuhuri kupita yote katika biashara hii. Mei 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki, ikidai kwamba wafanyakazi wake pamoja na watu wa mkataba waliachiwa kufungua video za wateja hata pale kazi yao ilipokuwa haihitaji. Kwa mujibu wa hati ya mashitaka, kati ya Juni na Agosti 2017 mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake wasiopungua 81, akitafuta kamera ambazo wenyewe walikuwa wamezipa majina ya chumba cha kulala na bafu. Aliyemfichua alikuwa mfanyakazi mwenzake, si mtambo wowote wa ulinzi. Tume ilitaja pia akaunti za wateja wapatao 55,000 wa Marekani zilizovamiwa na wadukuzi. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mdukuzi alimsemesha mtoto wa kike wa miaka 8 kupitia kamera iliyokuwa chumbani mwake. Ni kweli kwamba kamera hizo zilikuwa za ndani, si za mlangoni. Lakini kampuni ni ile ile, na aliyeshindwa kuwazuia watu wake wasichungulie bafuni hatuna sababu ya kumwamini na barazani. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri hilo. Fedha hurudishwa, lakini stara iliyokwisha kuvunjwa hairudi.

Tumtazame sasa jirani, ambaye hakununua kitu. Oktoba 2021, mahakama ya Oxford, Uingereza, ilitoa hukumu katika kesi ya mwanamke aliyemshitaki jirani yake kwa sababu ya kamera na kengele ya Ring. Mwenye kamera alikuwa na sababu ya kueleweka, kwani wezi walikuwa wamejaribu kumwibia gari. Hakimu Melissa Clarke hakuipuuza sababu hiyo, wala hakusema kwamba kila picha ya mlangoni ni kosa. Lakini aliona kwamba sheria ya ulinzi wa data imevunjwa, na kilichomsumbua zaidi ni sauti. Vyombo vile vilinasa maneno ya watu waliosimama mbali, wasiojua kwamba wanasikilizwa, na kuzuia wizi hakukuhitaji kusikiliza mazungumzo yao. Hapo pana fundisho kubwa. Mwizi hujulikana kwa sura na mwendo, lakini wanaozungumza mbele ya mlango aghalabu ni jamaa wanaoagana, mke na mume wanaorekebishana, au mgonjwa anayemweleza mwenziwe majibu ya hospitali. Chombo kinachowanasa wote hao ili huenda kimpate mmoja kimepita kiasi.

Kasoro nyingine ni za ufundi wenyewe, nazo zinaonyesha jinsi usalama ulivyowekwa nyuma ya mauzo. Februari 2024, shirika la watumiaji la Consumer Reports la Marekani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa kengele za bei nafuu zilizotengenezwa na kampuni ya Eken ya China na kuuzwa kwa majina mengi ya biashara. Mtu yeyote aliyefika mlangoni aliweza kubonyeza kitufe kwa sekunde 8, akaiunganisha kengele na simu yake na kuitwaa. Akishaipata namba ya kifaa, aliweza kuendelea kuchukua picha bila neno la siri hata baada ya mwenyewe kukirejesha mikononi mwake. Hebu tafakari: kitufe kimewekwa nje makusudi ili kila mgeni akiguse, kisha kitufe hicho hicho kikafanywa ufunguo wa kamera! Wakubwa nao hawakusalimika. Novemba 2020, kengele zipatazo 350,000 za Ring ziliitwa zirudishwe kwa sababu mtu akitumia skrubu isiyo yake wakati wa kuzifunga, betri ingeweza kupata joto kali na kuwaka moto. Isitoshe, nyingi kati ya kengele hizi hazihifadhi video usipolipa ada ya kila mwezi au mwaka, na kompyuta za mbali zikizimika, kama zilivyozimika za Amazon tarehe 7 Desemba 2021, mlinzi uliyemlipa hupoteza macho wakati usioujua.

Najua majibu yaliyopo. La kwanza husema kengele hizi hupunguza uhalifu. Ring iliwahi kujivunia kwamba uvunjaji wa nyumba ulishuka kwa asilimia 55 katika mtaa mmoja wa Los Angeles ambako iligawa vifaa vyake, lakini jarida la MIT Technology Review lilipozichunguza takwimu mwaka 2018 halikuweza kulithibitisha dai hilo. Sikatai kwamba video imewahi kumnasa mwizi. Ila kumnasa mmoja baada ya tukio ni jambo moja, na kuulinda mtaa ni jambo jingine. Jibu la pili husema mtu mwema hana la kuficha. Anayesema hivyo ajiulize kwa nini anafunga pazia usiku. Stara haikuwekwa kwa ajili ya waovu. Ni haki ya kila mtu, na mwema ndiye mwenye kuithamini zaidi. Jibu la tatu husema mwenye nyumba ndiye mwenye amri juu ya video zake. Mwaka 2022, Amazon ilimjibu seneta Ed Markey wa Marekani kwamba katika mwaka huo ilikuwa imewapa polisi video mara 11 bila ridhaa ya mwenye kamera wala kibali cha mahakama, kwa sababu ya dharura. Dharura hutokea, lakini aliyeamua ni kampuni, si mwenye mlango.

Jambo hili linatuhusu. Kengele hizi zinauzwa Dar es Salaam na Nairobi, na ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wanazo milangoni. Katika nyumba za ghorofa zetu, ambako milango hutazamana kwenye ukumbi mmoja mwembamba, kamera moja huona sebule ya mwenzio kila anapofungua. Faragha inalindwa na ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Katiba ya Kenya. Sheria za kulinda taarifa za watu tunazo pia: Kenya tangu 2019, na Tanzania sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haitembei nyumba kwa nyumba. Panapokosekana mkaguzi, adabu ndiyo inayotawala.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanunua, jiulize kama kitundu cha mlangoni au kengele ya waya yenye kioo ndani ya nyumba, isiyogusa intaneti, haikutoshi. Wengi wetu itatutosha. Ukiona lazima kuweka hii nyingine, ielekeze kwenye kizingiti chako peke yake, zima kinasa sauti, badilisha neno la siri lililokuja nayo, washa kinga zote ambazo kampuni imekuachia uziwashe mwenyewe, na umwambie jirani yako kabla hajaiona. Akikuambia inamuudhi, igeuze au iondoe. Usalama wa nyumba moja hauhalalishi kuichungulia nyumba ya pili.