Kombe la 1987 Lililindwa, Naye Aliyelilinda Atajwe

Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Siku ya Madaraka zilifanyika mjini Homa Bay, katika uwanja uliopewa jina la Raila Odinga. Kwa wakazi wa Homa Bay na majirani wao wa Migori, waliozoea kusafiri hadi Kisumu au Nairobi ili kuona mechi ya maana, hilo lilikuwa jambo la fahari. Lakini uwanja ni jengo tu. Kinachoupa uhai ni michezo inayochezwa humo na masimulizi ambayo wazee huwapa vijana wanapoketi kuitazama. Swali langu leo ni hili: je, tunawasimulia vijana hao habari za nani, na tunawaacha nje akina nani?

Mwulize shabiki yeyote wa kandanda kutoka Rongo hadi Mbita akutajie shujaa wa Gor Mahia wa mwaka 1987. Aghalabu atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: Peter Dawo. Jibu hilo si baya, kwani Dawo ndiye aliyekuwa mfungaji hodari wa timu hiyo katika mashindano ya Kombe la Washindi barani Afrika, lile tulilozoea kuliita Kombe la Mandela. Sasa mwulize nani alikuwa nahodha aliyelipokea kombe hilo. Hapo wengi, hasa vijana, watasita. Nahodha alikuwa Austin Oduor, beki wa kati.

Ili tuelewe uzito wa kazi yake hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Klabu hii iliundwa mwaka 1968, na jina lake ni la Gor Mahia, mganga na kiongozi mashuhuri wa Kanyamwa huko Ndhiwa, ambayo leo ni sehemu ya kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1979 ilifika fainali ya kombe hilohilo la Afrika na kukutana na Canon ya Yaoundé, Kameruni. Ilifungwa 2-0 katika mchuano wa kwanza, kisha 6-0 katika marudiano. Mabao manane kwa nunge! Timu iliyoweza kufika fainali haikuwa dhaifu katika kushambulia. Ilichokosa ni ukuta.

Miaka minane baadaye Gor Mahia ilikuwa fainali tena, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza ilichezwa Tunis nayo ikaisha kwa sare ya 2-2. Ya pili ilichezwa Nairobi tarehe 5 Desemba 1987 nayo ikaisha 1-1. Jumla ilikuwa 3-3, na Gor Mahia ikatawazwa kwa sababu ilikuwa imefunga mabao mawili ugenini, ilhali Espérance ilikuwa imefunga moja. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini. Lau Espérance ingepata bao moja zaidi jijini Nairobi, matokeo yangekuwa 2-1 na kombe lingepanda ndege kwenda Tunis. Kwa hiyo, pamoja na mabao yote yaliyofungwa tangu raundi ya kwanza, kombe lile hatimaye lilitegemea bao ambalo halikufungwa. Bao hilo halimo katika kumbukumbu yoyote. Halina dakika wala mfungaji. Lakini wapo watu waliolizuia, nao waliongozwa na Oduor.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na naamini kwamba sehemu ya usahaulifu huu imo katika lugha yetu. Kufunga, kwa maana ya asili, ni kuziba au kukaza: twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga zizi ng'ombe wasitoke. Katika kandanda kitenzi hichohicho tumempa mtu anayepenya hadi langoni kwa mwenzake. Yeye ndiye mfungaji. Yule anayefunga njia kwa kweli, anayesimama mlangoni na kusema hapiti mtu, tumemwita beki, neno la kukopa, au mlinzi, jina analoshiriki na askari wa usiku, ambaye twamkumbuka asubuhi ile tu tunapokuta kitu kimeibwa.

Fauka ya hayo, kazi ya mlinzi husimuliwa kwa vitenzi vilivyokanushwa. Hakupitwa. Hawakufunga. Mpira haukuingia. Kukanusha hakutoi picha akilini kama kunavyotoa kuyakinisha, na mtangazaji wa redio hawezi kupaza sauti kwa jambo ambalo halikutokea. Hata ndani ya ukoo mmoja tofauti hii huonekana. Ulimwengu mzima unamjua Divock Origi, aliyeifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Ulaya mjini Madrid tarehe 1 Juni 2019. Ni wachache, hata miongoni mwetu, wanaojua kwamba Austin Oduor ni baba yake mkubwa au mdogo, ndugu wa Mike Okoth aliyemzaa.

Tusidhani kwamba haya ni ya kwetu pekee. Katika kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, wapo walinzi wanaosimama hatua chache nyuma ya safu ya mbele wakingojea kumwangusha yeyote apenyaye. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, aliichezea Indianapolis Colts katika nafasi hiyo tangu mwaka 2013. Ligi ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1920, haikuanza kuhesabu rasmi tendo la kumwangusha mrusha mpira kabla hajarusha hadi mwaka 1982. Kwa zaidi ya miaka 60, mtu aliweza kuifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa na asiache nambari hata moja rasmi nyuma yake. Kisichohesabiwa ni rahisi kusahauliwa.

Wako watakaosema kwamba nachukua kandanda na kuigeuza kuwa maombolezo, kwani bila mabao hakuna ushindi. Ni kweli, nami simpunguzii Dawo hata chembe. Lakini tukumbuke mashindano ya CHAN ya Agosti 2025. Harambee Stars iliongoza kundi lake kwa kuzishinda Kongo, Moroko na Zambia, kila moja 1-0, na kwenda sare ya 1-1 na Angola. Mechi nne, bao moja tu lililoingia. Tuliimba majina ya Austin Odhiambo na Ryan Ogam, waliofunga. Beki Alphonce Omija naye alishangiliwa kwa kishindo, lakini ni katika robo fainali dhidi ya Madagaska, siku ambayo yeye mwenyewe alifunga bao.

Gharama ya mtazamo huu twaijua vizuri Migori. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2006, nasi tukacheza ngoma. Mwaka 2019 timu hiyohiyo iliondolewa katika ligi kuu baada ya kushindwa kufika katika mechi zake kwa kukosa fedha. Haikuangushwa na upungufu wa wafungaji. Iliangushwa na nyufa ambazo kila mmoja aliziona na hakuna aliyeziziba, kwa sababu kuziba ufa hakupigiwi makofi. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo bado haujajengwa.

Walimu wanaosoma makala haya wameshaelewa ninakoelekea. Matokeo ya mitihani yakitoka, twawabeba juu wanafunzi waliopata alama za juu. Vyema. Lakini mwalimu aliyemfuata msichana hadi nyumbani na kumrudisha darasani, akafanya mtihani na kupata alama ya wastani, ana habari gani ya kusimulia? Kwamba hakuacha shule. Muuguzi naye? Homa Bay ndiko chanjo ya malaria ilikozinduliwa nchini Kenya mwezi Septemba 2019, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipokea. Mtoto ambaye hakuugua hawezi kumshukuru aliyemkinga, kwa kuwa hajui alikingwa na nini. Kazi hizi zote ni za safu ya ulinzi.

Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na hamu ya kandanda imepanda katika kila kijiji. Huu ndio wakati wa kurekebisha masimulizi yetu. Katika mashindano ya shule zetu za Migori na Homa Bay, mfungaji bora akipewa zawadi, beki bora apewe iliyo sawa nayo, na mwalimu wa michezo asimame aeleze mbele ya wanafunzi wote ni mashambulizi gani aliyoyazima. Walimu wa Kiswahili nao wawape wanafunzi insha kuhusu mchezaji ambaye hakufunga bao lolote. Watagundua kwamba ni insha ngumu, na ugumu huo wenyewe ni somo.

Mgala muue na haki yake umpe. Haki ya Austin Oduor ni ndogo mno: kwamba mtoto wa Ndhiwa au Awendo akiulizwa juu ya kombe la 1987, amtaje Dawo aliyefunga mabao, kisha asiishie hapo. Amtaje pia nahodha aliyeufunga mlango.