Vipima mtandao: mnunuzi aulize swali kabla ya kutoa dola

Soko la vifaa vya kupima mitandao ya kompyuta limekuwa na msukosuko katika miaka hii ya karibuni, na mnunuzi wa hapa nchini anayeletewa profoma ya vifaa hivyo anapaswa kuelewa mambo mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni kwamba wauzaji wakubwa wamepungua. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba chini ya jina moja la "kipima mtandao" zinauzwa bidhaa za aina mbili zisizofanya kazi moja. Anayenunua ya kwanza ili imjibu swali la ya pili anatupa fedha zake baharini.

Tuanze na soko. Keysight ya Marekani, iliyotengwa kutoka Agilent mwaka 2014, iliinunua Ixia mwaka 2017 kwa dola bilioni 1.6. Mwaka 2024 Viavi na hiyo hiyo Keysight ziliigombea Spirent ya Uingereza, na Keysight ikaibuka mshindi kwa bei ya takriban pauni bilioni 1.16. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaingilia kati kwa hoja ya kulinda ushindani, ikaitaka Keysight iachie baadhi ya biashara za Spirent, zikiwemo za kupima Etheneti ya kasi kubwa na usalama wa mitandao. Hizo zikaenda kwa Viavi. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi maana yake ni kwamba kifaa chenye chapa ya Spirent huenda matengenezo na leseni zake ziko sasa mikononi mwa kampuni nyingine, na profoma isiyotaja ni nani atakayetoa leseni ya mwaka ujao haina thamani ya karatasi iliyochapwa.

Sasa tuje kwenye aina mbili zenyewe.

Aina ya kwanza ni vifaa vya kumimina mzigo. Hivi hutengeneza pakiti nyingi za data, huzipeleka upande wa pili na kuhesabu ngapi zimefika na kwa kasi gani. Wataalamu huita kazi hiyo kuzalisha trafiki, na trafiki hapa si askari wa barabarani. Mfano wake ni mtu anayetaka kujua daraja linabeba tani ngapi: huleta malori yaliyojaa mchanga na kuyapitisha moja baada ya jingine mpaka aone nyufa.

Aina ya pili ni vifaa vya kuigiza njia. Hivi havileti mzigo wowote. Kazi yake ni kuharibu barabara kwa makusudi: kuzichelewesha pakiti, kuzipoteza chache, kuzirudia au kuzivuruga mpangilio, ili ofisini mjini uone programu yako itafanyaje ikiwa kwenye njia mbovu ya mbali. Daraja halipimwi kabisa hapa. Anayepimwa ni dereva.

Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini wiki kadhaa zilizopita niliona inavyogharimu. Chama kimoja cha akiba na mikopo chenye matawi ya mikoani kiliniomba nisome profoma ya mashine ya kumimina mzigo. Malalamiko yalikuwa kwamba mwisho wa mwezi wanachama hupanga foleni mpaka nje, kwa sababu kila muamala unachukua sekunde nane au tisa kukamilika. Mshauri wao alikuwa amekwisha kusema mtandao ni mdogo, wakaongeza kutoka megabiti 10 hadi 50. Mwenyekiti alinieleza bila kuficha uchungu: "Ndugu, mtandao tumeulipia mara tano ya zamani na foleni ni ile ile." Hatua iliyofuata katika ushauri huo ilikuwa kununua mashine ya kuthibitisha kama megabiti 50 zipo kweli.

Zilikuwepo. Hilo halikuhitaji mashine ya maelfu ya dola. Programu ya iperf3, inayotunzwa na ESnet chini ya maabara ya Berkeley kule Marekani na kutolewa bure, ilionyesha hivyo kwa dakika chache.

Kilichofuata ni kuchukua kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, kuiwekea Linux, na kuichomeka katikati ya kompyuta ya keshia na nakala ya majaribio ya mfumo wao pale makao makuu. Ndani ya Linux kuna kitu kiitwacho netem, kilichoandikwa na Stephen Hemminger na kuwemo katika mfumo huo kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Tukakiagiza kichelewesha pakiti milisekunde 90 kwenda na 90 kurudi, kwa kuwa seva yao halisi iko Ulaya na safari ya kwenda na kurudi kutoka tawini ilikuwa inachukua takriban milisekunde 180. Megabiti hatukuzigusa hata moja. Keshia akabonyeza, akasubiri, akasema: "Hapa sasa ndiyo kama tawini."

Sababu ni hesabu ya darasa la tano. Programu ile, kwa kila muamala mmoja, ilikuwa inaiuliza seva maswali arobaini, moja moja, ikingoja jibu la kwanza kabla ya kuuliza la pili. Muuzaji wake alipoionyesha Dar es Salaam, seva ilikuwa chumba cha pili na kila jibu lilirudi kwa milisekunde moja: jumla sehemu ndogo ya sekunde, wajumbe wakapiga makofi. Ukizidisha arobaini hizo hizo kwa milisekunde 180 unapata sekunde 7.2, na keshia bado hajahesabu noti. Hata ukimwekea megabiti 1,000 zitabaki sekunde 7.2, kwa sababu mwendo wa mwanga ndani ya kebo ya baharini hauongezeki kwa kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

Ndiyo maana rai ya safu hii ni kwamba kampuni nyingi za hapa nchini, hasa zenye matawi na zenye mifumo iliyowekwa nje, zianze na aina ya pili kabla hazijafikiria aina ya kwanza. Wenye umri wanakumbuka enzi za setelaiti, kabla ya SEACOM na TEAMS kufika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ambapo kwenda na kurudi kulizidi nusu sekunde. Kebo zilitutoa huko, lakini hazikutufanya majirani wa Ulaya. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia, kila mfumo ulijaribiwa na bahari yenyewe. Afadhali ujaribiwe Jumamosi ofisini, hakuna mteja dirishani.

Kuna sababu nyingine ya kuigiza njia ambayo wauzaji wa megabiti hawapendi kuitaja. Mfumo wa zamani unaoruhusu baiti 65,535 tu kuwa njiani kabla ya kupata hakikisho la upande wa pili hauwezi kuvuka takriban megabiti 2.6 kwa sekunde kwenye njia ya milisekunde 200, hata ukiwa na laini ya megabiti 100. Mifumo mipya imeondokana na kikomo hicho, lakini bado yapo mashine na programu za zamani zinazofanya kazi kila siku katika ofisi zetu. Mwenye nayo akipimiwa kwa iperf3 kutoka kompyuta mpya ataambiwa laini ni safi, na laini kweli ni safi.

Hata hivyo, cha bure nacho kina mitego yake, na si haki kukisifu bila kuitaja. Netem huchelewesha pakiti zinazotoka tu; usipoiwekea kadi zote mbili umeigiza nusu ya njia. Pili, isipoambiwa vinginevyo hushika pakiti 1,000 kwa wakati mmoja na zinazozidi huzitupa. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni megabiti 12, hivyo ukiiagiza icheleweshe milisekunde 200, mara unapovuka megabiti 60 kwa sekunde kompyuta yako yenyewe inaanza kupoteza data kimya kimya. Nimewahi kukaa siku nzima nikiilaumu programu ya watu kwa kosa hilo, na niliomba radhi. Tatu, ukiiambia iyumbishe ucheleweshaji huo, pakiti huanza kupitana njiani, jambo ambalo njia yako halisi huenda halifanyi. Na upotevu ukiuweka asilimia moja ya kubahatisha, utatawanyika sawasawa, wakati njia halisi hupoteza kwa mafungu: dakika kumi shwari, kisha sekunde tatu hakuna kitu. Netem ina namna ya kuiga mafungu hayo, ila ni lazima uiombe.

Iperf3 nayo ina lake. Ukiiendesha kwa UDP bila kutaja kasi, hutuma megabiti moja tu kwa sekunde. Nimeona barua ya malalamiko kwa mtoa huduma, imepigwa muhuri na kusainiwa, ikidai laini ya megabiti 20 inatoa moja! Aidha, kabla ya toleo la 3.16 lililotoka mwishoni mwa 2023, ilitumia kiini kimoja tu cha kompyuta hata ukiomba mikondo mingi, hivyo kwenye laini kubwa ilijipima yenyewe badala ya kupima laini.

Je, mashine ya kununuliwa haina kazi? Inayo, na hapa ndipo natofautiana na vijana wanaodhani kila kitu cha bure kinatosha. Mtu anayenunua ruta au kifaa cha ulinzi cha kubeba wateja wote wa benki anahitaji kujua kitaanguka wapi. Waraka wa RFC 2544, uliotolewa mwaka 1999, unataka kifaa kipimwe kwa pakiti za ukubwa mbalimbali kuanzia baiti 64 hadi 1,518, na kutafutwa kasi ya juu isiyopoteza pakiti hata moja. Kwenye laini ya gigabiti moja, pakiti za baiti 1,518 ni 81,274 kwa sekunde, kazi nyepesi. Zile za baiti 64 ni 1,488,095 kwa sekunde, na hapo ndipo kifaa cha bei poa huanza kutoa jasho, na iperf3 katika kompyuta ya kawaida hujikwaa kabla ya kifaa kinachopimwa. Muuzaji atakuonyesha namba ya pakiti kubwa daima. Omba ya ndogo.

Kati ya hapo na mashine za Keysight au Viavi kuna njia ya katikati isiyotangazwa sana: TRex, programu ya wazi iliyotengenezwa na Cisco, ambayo kwenye seva ya kawaida yenye kadi zinazokubalika humimina makumi ya gigabiti kwa sekunde. Inadai fundi anayeijua, na fundi huyo atakudai mshahara, lakini mshahara hulipwa kwa shilingi.

Mashine yenye cheti inabaki na nafasi nyingine, nayo ni ugomvi. Mtoa huduma na mteja wanapopelekana kwa mwanasheria juu ya laini iliyoahidiwa, matokeo ya kompyuta ya mkononi ya fundi wa upande mmoja hayatasimama. Hapo kikodishwe kifaa kilichohakikiwa, kwa siku mbili tatu, kipime kwa utaratibu wa Y.1564 wa ITU uliotolewa mwaka 2011, pande zote zikishuhudia. RFC 2544 isitumike kwenye laini ambayo wateja wako juu yake; waraka mwingine, RFC 6815 wa mwaka 2012, umesema hivyo waziwazi, kwani kipimo chenyewe huijaza laini mpaka kazi za watu zisimame.

Chama kile hakikutia sahihi profoma. Kimemwandikia muuzaji wa programu kumtaka ayaunganishe yale maswali arobaini yawe manne au matano, na katika mkataba mpya wa matengenezo wameongeza kifungu kwamba kila toleo litapokelewa baada tu ya kukamilisha muamala chini ya sekunde mbili kupitia ile kompyuta kuukuu, ikiwa imewekewa milisekunde 180 na upotevu wa mafungu. Muuzaji amejibu kwamba anahitaji miezi mitatu. Megabiti wamezirudisha kuwa 20, na mwisho wa mwezi huu foleni bado itakuwepo.